Ngozi Chini ya Mbao za Theluji

Mwaka jana baba mkubwa alinipigia simu nikiwa Singida, ninakofundisha, akaniambia nijitahidi nifike Babati kabla ya Jumamosi. Wageni wa Ulaya wanakuja. Karakana imepakwa rangi, hema limekodiwa, mbuzi ameshafungwa kwenye kigingi, na mimi Mama Neema, mwalimu wa Kiingereza wa ukoo, nisithubutu kukosa. Nikapanda basi na furaha yangu yote, kuku wa Singida wakilalamika kwenye tenga, nikawa nawaza jinsi bibi atakavyowapapasa na kuuliza yupi anataga. Nilipofika Nangara, mtaa wetu pale Babati, sikwenda moja kwa moja kwa bibi. Nilipita karakana kwanza, nikasimama mbele ya ukuta mpya, nikausoma mpaka mwisho. Rafiki yangu, nilitamani kuutemea mate.

Umechorwa vizuri, hilo silikatai. Kuna mlima mweupe, kuna mtu anateremka amepinda magoti, na pembeni kuna historia ya kampuni kwa Kiswahili na Kiingereza. Inasema kampuni hiyo, ambayo leo inauza duniani kote mbao za kupandia na kushukia milima ya theluji, ilianzia hapa hapa Babati. Inasema mwanzilishi wake alikuwa mwalimu wa useremala aliyekuja kutoka Ulaya. Inamtaja fundi mkuu wa kwanza, ambaye ndiye baba mkubwa, na picha yake imebandikwa: kijana, kifua mbele, ameshika mbao mbili ndefu kuliko yeye, mafundi wenzake wamepanga mstari nyuma. Ukiangalia vizuri, upande wa chini wa mbao hizo utaona ngozi yenye manyoya. Ngozi hiyo naijua. Nimeifukuzia mbwa. Nimeibeba kichwani ikiwa mbichi, maji yake yananiingia shingoni. Aliyeitengeneza hayumo kwenye picha, na kwenye maneno yote yale hayumo pia.

Ngoja nianze mwanzo, usije ukadhani nimerukwa na akili kwa sababu ya rangi ya ukutani.

Mimi nililelewa na bibi mzaa baba. Wazazi wangu walikuwa na kazi Kondoa, nyumba yao ilikuwa chumba kimoja, kwa hiyo niliachwa Nangara tangu naota meno. Nangara ya wakati ule ilikuwa mahindi na mbaazi mpaka kwenye vidole vya mlima Kwaraa, na nyumba mojamoja katikati. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka mlimani ukakaa juu ya mbaazi, na kabla haujaondoka umeshasikia randa za karakana upande wa pili wa njia, zikifuatiwa na msumeno. Bibi alikuwa akipika makande kwenye chungu kilichokuwa cheusi hata ndani. Tulikula na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi, na mpaka leo maziwa ya pakiti hayaniambii kitu.

Bibi aliolewa akitokea milimani Mbulu, na kutoka kwa mama yake alikuja na kazi ya ngozi. Alitengeneza ngozi za kulalia, mikanda, viti vya kamba za ngozi, na watu walimjua kwa hilo. Jirani yetu, mama mmoja mwenye pua ya kuchagua, alimjua kwa harufu tu, na alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kila upepo ulipogeuka. Mwenyekiti alikuja, akakaa, akanywa maziwa, akaondoka na mkanda mpya. Jirani akarudi tena mwezi uliofuata.

Karakana ilikuwa ya kanisa. Baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi, alikuwa fundi pale, na mwalimu wao alikuwa mzungu mrefu aliyeungua shingo, anayemwambia kila mtu, hata asiyemuuliza, "Mimi napenda sana ugali." Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu hasira yangu inajua inakokwenda na si kwake peke yake. Alikuwa mtu wa milima ya baridi aliyetumwa mahali pasipo na baridi ya kutosha, na kiangazi kimoja alizidiwa na kukumbuka kwao. Akachukua mbao za mgrevilia, akazipiga randa zikawa nyembamba, akachemsha maji kwenye pipa na kuzipinda ncha kwa mvuke. Tukamwona anazivaa miguuni kwa mikanda, anatembea uani akiburuza, na sisi watoto tuko nyuma tunacheka mpaka tunakaa chini.

Alimweleza bibi kwamba kwao nusu ya mwaka ardhi yote inafunikwa na theluji, na watu huvaa mbao hizo wakapanda mlima nazo, kisha wakashuka kwa kuteleza.

"Huko juu wana nini?" bibi aliuliza. "Ng'ombe?"

"Hapana, bibi. Hakuna kitu."

"Kuni?"

"Hakuna."

"Basi wanapanda kufanya nini?"

Mwalimu alifikiri sana, akasema wanapanda ili washuke. Bibi alimwangalia kwa huruma kubwa, akaniambia nimletee maziwa.

Siku ya majaribio tulimfuata kwenye miteremko ya Kwaraa, majani yamekauka na kulala. Kushuka alishuka, akaishia kwenye kichaka, wachunga ng'ombe wakapiga miluzi. Tatizo lilikuwa kupanda. Kila hatua mbao zilirudi nyuma. Kwao, alisema, wanabandika ngozi chini ya mbao. Akamchukua paka wetu kumwonyesha bibi: ukimpapasa kutoka kichwani kwenda mkiani, mkono unapita, ukirudi kinyume, manyoya yanagoma. Ngozi ikibandikwa manyoya yakiangalia nyuma, mbao inateleza kwenda mbele na haikubali kurudi. Alitaka manyoya mafupi, magumu, yasiyonyonyoka. Akamwomba bibi wajaribu pamoja.

Wakajaribu ya mbuzi, ikanyonyoka. Wakajaribu ya kondoo, ikashika majani na tope ikawa nzito. Wakajaribu ya ndama. Walikosea miezi mingi, wawili wale, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa lugha yake, mpaka wakafika kwenye ngozi ya miguu ya ng'ombe, ile ya muundi, kuanzia goti kwenda kwato. Hiyo ikakubali. Na hapo ndipo utoto wangu ulipogeuka kuwa kazi.

Miguu ya ng'ombe, kama unavyojua, wachinjaji huichoma moto kuondoa manyoya ili iuzwe makongoro. Kwa hiyo ilibidi tuwahi. Alfajiri tulikuwa machinjioni, bibi na kisu chake kidogo, mimi na beseni, tunasubiri kabla moto haujawaka. Wachinjaji walimtania: "Bibi, leo makongoro utayala na sharubu zake?" Bibi aliinama na kisu chake. Alichuna mguu kwa haraka, ngozi inatoka nzima, kisha mguu wenyewe tukarudi nao nyumbani. Tulikunywa supu ya makongoro asubuhi na jioni mpaka nikawa nikisikia harufu yake nalia. Kwa watoto wengine ile ilikuwa supu ya sikukuu, na mimi nikawa naiba mlenda kwa jirani mwenye pua.

Halafu kuwamba. Vigingi ardhini, ngozi imevutwa, chumvi juu. Kazi yangu ilikuwa kukaa na fimbo kuwafukuza mbwa na kunguru. Halafu kukwangua upande wa nyama, taratibu, kwa sababu kisu kikipita ngozi ya muundi imekwisha, haina unene wa kusamehe. Halafu mafuta ya mkia wa kondoo, ambayo sisi tungependa tuyale na viazi, bibi akayapaka kwenye ngozi na kuifikicha kwa mikono, saa nyingi, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Halafu moshi. Mwisho kushona, maana ngozi ya mguu ni fupi na mbao ni ndefu, kwa hiyo vipande viliungwa kimoja baada ya kingine, na vyote lazima manyoya yaelekee upande mmoja. Akimaliza, aliniita nipitishe shavu langu juu ya ngozi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Shavu halidanganyi, alisema, vidole vimeshazoea. Nikihisi kipande kinanichoma, alifumua.

Chumvi iliingia kwenye nyufa za mikono yake. Jioni aliiloweka kwenye maji ya vuguvugu na kunyamaza. Dole gumba la kulia lilianza kupinda katika miaka ile, likaendelea kupinda mpaka likashindwa kushika sindano. Na shuleni, kwa sababu ya harufu, hakuna aliyetaka kukaa dawati moja na mimi. Mwalimu wa darasa aliniweka karibu na dirisha, akasema ni kwa ajili ya macho yangu. Nilimshukuru.

Mwalimu wa useremala aliondoka na mbao za kwanza, na baada ya muda akaagiza nyingine. Watu wa kwao walizipenda. Kwa miaka kadhaa karakana ile haikulala. Lori lilikuja kutoka Arusha, makasha yakapakiwa, na baba mkubwa akawa fundi mkuu mwenye kofia na kalamu sikioni. Mafundi walipopita sokoni watu waliwapisha. Wanaume wa vijiji vya Sigino na Nakwa walileta watoto wao wafundishwe. Kila mtu aliijua kazi ya mbao. Kazi ya ngozi haikuitwa kazi. Iliitwa "zile shughuli za mama." Ngozi zilivuka njia asubuhi kichwani kwangu, zikaingia karakana kupitia dirisha la nyuma, kwa sababu mlangoni zingewanukia wateja, na zikishabandikwa kwenye mbao zilikuwa za karakana. Bibi mwenyewe hakuwahi kuingia mle ndani. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyemwambia karibu.

Sasa sikiliza siku ya picha, maana ndiyo inayoniuma.

Mwalimu alirudi kutembea, safari hiyo na mpiga picha. Asubuhi nzima mafundi walikuwa wakipiga brashi viatu vyao. Mwalimu akavuka njia mwenyewe, akaja uani kwetu, akamwambia bibi kwa Kiswahili chake kile kwamba anataka naye awepo kwenye picha. Naye. Alisema hivyo, nilisikia kwa masikio yangu. Bibi alikuwa amevaa gunia la kazi kiunoni, mafuta mpaka viwikoni. Mwanamke wa heshima hapigwi picha hivyo, kwao wala kwetu. Akasema, "Nisubirini nibadilishe." Akaingia ndani, akanawa mikono kwa majivu na limau, akatoa gauni lake la Jumapili, la bluu, lenye vifungo vingi mgongoni. Nilimfunga vifungo hivyo mimi. Alijipaka mafuta usoni. Akaniuliza kama kitambaa cha kichwani kimekaa sawa. Nilimwambia kimekaa sawa, na kweli alikuwa mzuri, sijawahi kumwona mzuri hivyo.

Tulipotoka, mpiga picha alikuwa anakunja miguu ya kamera yake. Lori lilikuwa linaunguruma. Mwalimu aliangalia huku na huku, akasema, "Oo, bibi," akaweka mkono kifuani. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa amemwambia mwalimu kwamba bibi hatakuja, kwamba anaona aibu, kwamba wanawake wa huku hawapendi picha. Nilikuja kulijua hilo baadaye, kwa mmoja wa mafundi. Siku ile niliona tu mwanamume mzima mwenye kalamu sikioni anamwangalia mama yake aliyevaa gauni la bluu, kisha anageuka kuwahimiza watu wapakie makasha.

Bibi akarudi ndani. Aliniambia nimfungue vifungo. Akalikunja gauni, akaliweka, akavaa gunia lake. Ndipo aliposema, bila kuniangalia, "Mimi nilikuwepo." Halafu akaenda kukwangua ngozi zilizobaki, maana zingeoza.

Baadaye kule Ulaya walipata mashine, na vitambaa vya plastiki vyenye manyoya ya plastiki, na Babati haikuhitajika tena. Karakana ikarudi kwenye vitanda, milango na majeneza. Mwalimu alifariki kwao. Kampuni yake ikakua bila sisi, nasi tukakua bila kampuni. Ningeweza kuishi na hilo. Mambo huisha. Nisichoweza kuishi nacho ni kuja kuambiwa ukutani, kwa rangi, yalianza vipi.

Basi siku ile mwaka jana nilimkuta baba mkubwa kwenye kivuli cha hema akielekeza viti. Mzee sasa, fimbo mkononi, kofia yake bado kichwani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umeuona ukuta?"

"Nimeuona. Bibi yuko wapi?"

"Si yuko nyumbani, amepumzika."

"Ukutani, baba mkubwa. Ukutani bibi yuko wapi?"

Akacheka kidogo, kama anayemchekea mtoto. "Mama Neema, hayo mambo ya makongoro na mafuta ya kondoo utayaandika wapi? Wageni wanataka historia. Mama yangu namjua mimi, hajawahi kulalamika hata siku moja."

Unajua, nimefundisha watoto miaka mingi, nimezoea kuvumilia upuuzi. Lakini maneno yale yalinipanda kichwani. Hajalalamika! Mtu anakaa kimya kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza, kisha ukimya wake unageuzwa kuwa cheti. Nilimwambia baba mkubwa kwamba yeye alikula supu ya miguu ile, alivaa viatu kutokana na mikono ile, na kama hana aibu basi mimi ninayo ya kumgawia. Alisema nimelewa mji. Alisema kazi yangu Jumamosi ni kusoma hotuba ya kuwakaribisha, na tafsiri ataifanya mwenyewe, kwa sababu Kiingereza chake alifundishwa na mwanzilishi.

Jumamosi nilimleta bibi. Macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga tu, anaona mtu akipita, hajui ni nani. Walikuwa wamemwekea kiti nyuma, karibu na masufuria. Nilikibeba kile kiti mbele ya watu wote nikakiweka mstari wa kwanza, nikamkalisha, na nilimwangalia kila aliyeniangalia. Jirani mwenye pua, naye kikongwe sasa, alikuja kumkumbatia na kutangaza kwamba yeye daima alizipenda zile kazi za ngozi. Nikanyamaza, lakini ilikuwa kazi.

Wageni walikuwa wawili, dada mmoja wa kampuni na kijana mwenye kamera. Walikuja na mbao za zamani, wamezitoa kwenye chumba chao cha maonyesho, zimefungwa kwenye blanketi kama kitoto. Wazee wakaalikwa kuzigusa. Zilipofika kwa bibi alizilaza mapajani, akazigeuza, akapitisha kiganja kwenye ngozi, taratibu, kisha akainama akapitisha shavu. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye masufuria:

"Hii nimeitengeneza mimi. Huyu alikuwa dume mwekundu, tulimchinja kwenye harusi ya shangazi yenu. Hapa katikati nilishona kinyume, nikafumua, mashimo ya sindano bado yapo. Muulizeni huyo dada kama huko kwao iliwahi kunyonyoka."

Dada wa kampuni alimgeukia baba mkubwa, uso umejaa kusubiri. Na baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa tumbo lake, akasimama na fimbo yake, akasema kwa Kiingereza: Mama yetu anawakaribisha sana, na anawaombea baraka za Mungu.

Wakapiga makofi. Kamera ikapiga. Bibi akawa anageuza kichwa huku na huku, anasubiri jibu la swali lake.

Nilisimama. Hotuba ilikuwa mkononi, nikaiacha kwenye kiti. Nikawaambia kwa Kiingereza, polepole, kama ninavyowaambia kidato cha kwanza, kila neno alilosema bibi, dume mwekundu na harusi na mashimo ya sindano. Nikawaambia kuhusu gauni la bluu. Nikawaambia aliyetafsiri ni mwanawe na ametafsiri uongo. Dada wa kampuni alikuwa mwekundu. Alipiga magoti mbele ya bibi, akatafuta mashimo yale kwa kucha akayaona, akalia. Akaniomba jina la bibi. Nikamtajia herufi kwa herufi, akaandika kwenye simu yake, akanisomea, nikamwambia ndiyo, ni hivyo. Akasema, kupitia kwangu, kwamba ile ngozi haijawahi kunyonyoka, na kwamba ukuta utarekebishwa. Bibi akasema, "Sawa." Akaomba chai yenye maziwa mengi.

Usiku ule alicheka sana, akanisimulia habari za yule dume.

Mwaka huu bango likaja. La chuma, zuri, limesafirishwa kwa basi kutoka Arusha, na baba mkubwa, niseme ukweli, alilipokea mwenyewe na kulipigilia mwenyewe juu ya maneno ya zamani. Nikapigiwa simu nikaja. Nikasoma. Habari ni zile zile, mwalimu, fundi mkuu, picha. Mwishoni wameongeza mstari. Unasema ngozi ziliandaliwa "kwa msaada wa wanawake wa kijiji."

Msaada. Wanawake. Kijiji. Nangara ni mtaa wa mji wa Babati, na ilikuwa hivyo tangu wakati ule, na kanisa lake na mwenyekiti wake mnywa maziwa. Wanawake gani? Jirani mwenye pua? Waliliacha jina ambalo nilimtajia herufi kwa herufi, wakaweka umati ambao haukuwepo. Nilimpigia yule dada. Alikuwa mpole sana. Alisema makao makuu waliona ni vizuri zaidi kuwaheshimu wanawake wote kuliko kumtaja mmoja. Nilikata simu kabla sijasema neno ambalo mwalimu hapaswi kulisema.

Na bibi alikuwa anasubiri. Wakati ule mwanga wa macho ulikuwa umekwisha kabisa, na miguu haina nguvu, lakini aliposikia bango limefika aliomba apelekwe. Tulimvusha njia kwenye kiti, mimi upande mmoja na baba mkubwa upande wa pili, hatusemezani. Tukamweka mbele ya ukuta. Alinyoosha mkono, akapapasa chuma, kimepata moto wa jua.

"Wameandika nini? Nisomee."

Nilimwangalia baba mkubwa. Aliangalia chini. Nikasoma, kwa sauti yangu ya darasani, habari za mwalimu na karakana kama zilivyo, na nilipofika mwisho nikasoma hivi: "Ngozi zote zilitengenezwa kwa mikono ya Paskalina Tluway, mama mwenye nyumba ya upande wa pili wa njia, na hakuna hata moja iliyowahi kunyonyoka."

Bibi hakuondoa kiganja kwenye chuma. Kisha akasema, "Soma tena."

Nikasoma tena, neno kwa neno, nikiogopa nisije nikabadilisha kitu nilichokibuni sasa hivi. Wao wana rangi, wana chuma, wana makao makuu na watu wa kuandika, na wameniacha mimi nimdanganye bibi yangu juani kwa sababu hawakutaka kuandika maneno mawili. Baba mkubwa, anayejua kusoma, hakunirekebisha. Alivua kofia, akajifuta jasho, akaishika mkononi mpaka tuliporudi nyumbani.

Tulimzika bibi kabla ya mbaazi kuvunwa, tukamvalisha gauni la bluu. Siku hizi hakuna anayewamba ngozi Nangara. Miteremko ya Kwaraa tuliyocheza imepimwa viwanja, na machinjioni miguu yote inachomwa, haina anayewahi. Harufu ile niliyoichukia utoto mzima naitafuta kila ninapokuja, siipati. Hasira ninayo, sijaiweka chini, na wala sina mpango wa kuiweka.

Alikufa akiamini jina lake liko pale ukutani. Halipo. Ukipita Nangara, kaangalie mwenyewe.